Gunia Lililovimba

Jumatatu, kabla sijamaliza chai,
Mutheu alinirudishia magunia manne.
Hakupiga kelele. Aliyashusha mkokotenini moja moja,
akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya la kwanza
kama mtu anayekuonyesha mtoto mwenye homa.
"Haya," akasema, "niambie kama hii ni mbolea au ni mkate."
Gunia lilikuwa limevimba.

Mimi ndiye niliyemwuzia. Mimi ndiye niliyeapa imeiva.
Nilikuwa nimeona moto wa gesi ukififia jikoni,
nikadhani cha kuliwa kimeshaliwa:
damu na taka za matumbo kutoka machinjioni Dagoretti,
siku arobaini gizani, chini ya ua wangu hapa Waithaka,
si zimetulia?

Zilikuwa zimenyamaza.
Ndani ya lile tope jeusi bado walikuwamo walaji
waliokatizwa mlo, na walipoonja hewa ya banda la Mutheu
wakaketi upya mezani.
Waliivuta pumzi iliyokuwa ya mizizi,
wakatoa ukali unaochoma macho na pua.
Miche mia mbili ya spinachi, njano ukingoni,
mizizi yake imekunjamana kama uzi uliopita kwenye mshumaa.
Nilihesabu. Mutheu aliniacha nihesabu.

Nikalipa miche. Nikalipa na mkokoteni.

Khavetsa wa maabara pale Kabete hakunihubiria.
Alinipa chupa tupu ya jemu.
"Tia konzi moja. Lowesha hadi ukiifinya itoe tone,
tone moja tu. Funga. Siku ya tatu funua, unuse."
Chupa ya kwanza ilimfukuza paka.
Ya pili ilimfukuza mume wangu, akala chakula nje.

Basi nikaanza tena, juu ya ardhi, mbele ya macho ya watu.
Maranda ya fundi wa vitanda kutoka Ng'ando,
makapi ya kahawa, mabua niliyokatakata kwa panga,
na lile tope katikati yake, tabaka kwa tabaka.
Subira huvuta heri, mama alikuwa akisema.
Yangu ilivuta nzi kwanza,
halafu kuku wa jirani, halafu jirani mwenyewe.

Kipimajoto cha Gikomba: sitini na mbili.
Nikageuza. Hamsini na tisa. Nikageuza.
Julai ilipotubana na ile baridi yake ya kijivu
lundo lilitoa mvuke alfajiri,
na watoto wa shule wakasimama kando yake, mikono mbele,
wakipasha vidole kabla ya hesabu.
Daftari langu lina alama za matone ya mvua.
Arobaini na nne. Thelathini na moja.
Wiki nzima ishirini na mbili, sawa na hewa iliyolizunguka,
hata nilipoligeuza kulichokoza.

Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekigombania:
uti wa bua, ukaidi wa mbao,
weusi usioonyesha tena ulikuwa nini.
Khavetsa anasema hakijafa. Kitaliwa, ila kidogo kidogo,
msimu huu chembe, msimu ujao chembe,
na kitashika maji huku kikingoja.
Nilimwuliza miaka mingapi. Akainua mabega.

Chupa ya kumi na mbili niliifungua Oktoba.
Harufu ya chini ya jiwe,
tulivu, isiyo na habari yoyote.
Nilinusa tena kwa kutoamini.

Nikampelekea Mutheu magunia mawili, bila bei.
Hakuyapeleka shambani. Aliyafunga kamba,
akayaweka chumbani, karibu na kitanda.
"Siku nne," akasema, na akafunga mlango.

Siku ya nne nilikwenda bila kuitwa.
Alikuwa amepiga magoti kando ya gunia, kiganja juu yake,
na alikiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Baridi," akasema.
Kisha akatoka nje, akaanza kuhesabu miche.